Eda ya Tumbo la Tausi

Siku ya sita baada ya Tausi kupasuliwa tumbo, nesi alitupima sukari sote wawili kwa mkupuo. Yeye alisoma tano nukta mbili. Mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni ya kitanda namshikia kikombe, nilisoma kumi na saba. Nusura nimmwagie hicho kikombe.

Jamani, angekuwa amekonda ningeelewa. Lakini Tausi yule alikuwa Tausi wa siku zote: shavu lile lile, kiuno kile kile kilichomtoa marehemu mume wetu chumbani kwangu miaka ishirini na miwili iliyopita. Hajapungua hata kilo mbili, na tayari vidonge vyake vya sukari vimewekwa kando!

"Daktari," nikamwita Daktari Mhina, binti mdogo mwenye sauti ya upole iliyoniudhi tangu siku ya kwanza. "Huyu unene wake uko pale pale. Sukari imekwenda wapi?"

"Imelala, mama. Hatusemi imekufa, tunasema imelala." Akachora juu ya shuka kwa kidole. "Tumbo tumelifanya dogo, kiasi cha yai. Kisha tumebandika utando hai ndani ya utumbo, chakula kisiguse sehemu ya juu, kifike chini upesi. Utumbo wa chini ukikutana na chakula mapema hivyo, unatoa homoni za kuliamsha kongosho. Kongosho likiamka, sukari inashuka siku hizo hizo, hata kabla mwili haujapungua."

"Na kongosho langu mimi?"

Alikunja shuka, akalikunjua.

"Lako limechoka, mama."

Hayo nilishaambiwa na Mizani. Mizani ndiyo mashine inayogawa tando hizo mji mzima wa Tanga, kwa maana utando mmoja hulelewa kwenye tangi miaka kumi kabla haujafaa kuwekwa ndani ya mtu. Kwa hiyo nyumba moja, utando mmoja. Na nyumba yetu ya Makorora ina wajane wawili wa mume mmoja, Mzee Semboja, Mungu amrehemu, na wote wawili tuna kisukari. Mimi nina miaka kumi na tisa nacho, kumi na mmoja ya kujidunga insulini, na kidole kimoja cha mguu nimekwisha kukizika. Tausi ana miaka minne na vidonge vyake viwili vya asubuhi. Ungekuwa wewe, utando ungempa nani?

Mizani ikasema: Tausi, uwezekano wa sukari kulala, themanini na moja kwa mia. Mwajabu, kumi na nne kwa mia. Utando umpate Tausi.

Nikaiuliza, "Kwani mimi mahindi, nipimwe kwa debe?" Mashine haina haya.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Mhina alinipa kibao niweke dole gumba.

"Wewe ndiye mdhamini wake, mama. Chini ya ubavu wake tumeweka punje, tunaiita Shahidi. Shahidi anajua sukari, lakini hajui kijiko. Kijiko utakijua wewe. Kila alasiri atakuuliza, amekula alichoambiwa? Ukisema hapana, ni doa. Madoa matatu ndani ya siku mia na thelathini na mbili, utando tunautoa, unakwenda kwa anayefuata nyumbani."

"Anayefuata ni nani?"

"Ni wewe."

Nikamtazama Tausi. Alikuwa anajifunga mtandio, kajifanya hasikii.

"Na mdhamini akisema uongo?" nikauliza.

"Akikiri au akigundulika, doa la uongo linafutwa. Na jina lake linaondolewa kwenye orodha maisha yake yote."

Nikaweka dole. Aliyetunga sheria hiyo hajawahi kuwa mke mwenza, hilo naapa.

*

Wanawake wa mtaani waliposikia habari za siku mia na thelathini na mbili, na makatazo yake, usile hiki, usinywe kile, usitafune upesi, walicheka wakasema, "Aa! Hiyo si eda hiyo? Miezi minne na siku kumi!" Basi ikawa jina lake. Tausi yuko eda ya tumbo. Hata watoto waliotumwa chumvi walipita wakimsalimia, "Shikamoo mama wa eda."

Doa la kwanza lilikuwa halali. Siku ya tatu nyumbani, Tausi aliamka akameza vidonge vyake viwili vya zamani, kwa mazoea tu, mkono ukaenda wenyewe kwenye kabati. Saa nne nikamkuta jikoni anatetemeka, jasho linamtiririka, hajui hata jina langu. Sukari ilikuwa imeporomoka mpaka mbili nukta nane. Nikamlisha kijiko cha asali, nikampigia daktari, daktari akafoka, na alasiri Shahidi alipouliza kupitia kipaza sauti walichotufungia ukutani, nikasema kweli. Vidonge hakuambiwa ameze. Doa moja.

Baada ya hapo, mwanamke akachanua. Sitaki kusema uongo, yalikuwepo mateso pia. Nywele zilidondoka akawa anazikusanya kwenye kitana kila asubuhi. Alitapika akila haraka. Alikunywa madawa ya vitamini kama mgonjwa wa kudumu, na kwenye sinia hakuweza tena kukaa nasi, alikula vijiko sita kutoka kikombe cha kahawa, watu wakamwona anaringa. Lakini mwili ulishuka kila wiki. Magoti yaliyokuwa yanalia yakanyamaza. Alikuwa anaamka kabla ya adhana, anafagia uwanja, anaimba. Anaimba!

Na kila asubuhi, akishamaliza kuimba, anakuja na beseni la maji ya vuguvugu kunisafisha kidonda cha mguu. Sikumwomba. Alipiga magoti aliyokuwa hawezi kuyapiga zamani, akakisafisha kwa utaratibu, akakifunga. Mimi natazama dari. Huruma ya mke mwenza ni shubiri, atakayebisha hajaionja.

Kuna kanga ninayo, nilinunua mwaka ule Tausi alipoolewa, imeandikwa Wivu Kidonda Ukishiriki Utakonda. Uongo mtupu. Nimeshiriki miaka ishirini na miwili na sijapungua hata ratili.

Siku ya tisini na moja alikuja chumbani kwangu.

"Dada Mwaja, sina nguo. Madera yote yananivuka. Una kitu cha kuniazima niende arusini kwa kina Mbaruku?"

"Fungua sanduku, chukua unachotaka," nikamjibu bila kumtazama. Mle sandukuni hamkuwa na kitu cha kumwenea, nilijua. Nguo zangu za sasa ni mahema, na za zamani ni za msichana.

Akatoka amevaa gauni langu la nyuzi za dhahabu.

Lile ndilo Mzee Semboja aliloninunulia mimi, kabla hajamjua Tausi wala jina lake, mwaka wetu wa kwanza. Nililivaa mara mbili. Miaka ishirini na mitano halijapita mabegani kwangu. Tausi akageuka mbele ya kioo, zipu imepanda mpaka juu, haina hata kinyongo.

"Limenikaa, dada?"

"Limekukaa," nikasema.

Moyo uliniwaka. Nasema kama ulivyoniwaka, sipambi. Niliona kanichukulia mume, kanichukulia utando, sasa kanichukulia na usichana wangu kauvaa mwilini. Alasiri ile, Tausi yuko jikoni anajiandaa, Shahidi akauliza, "Mdhamini, Tausi amekula alichoambiwa?"

Alikuwa amekula vijiko vyake sita vya maharage, nilimwona kwa macho yangu.

"Hapana," nikasema.

"Doa la pili limeandikwa," Shahidi akasema.

Jikoni sufuria ilikoma kugonga. Kisha ikaendelea. Tausi akatoka, akaniaga vizuri, akaenda arusini na gauni langu.

*

Mwezi uliofuata, kidonda kilibadilika rangi. Daktari Mhina alikibonyeza, hakunipa hata ile sauti yake ya upole.

"Vidole viwili vinaondoka, mama. Sukari yako ikiendelea hivi, mwaka hauishi kabla hatujakata juu ya kifundo."

"Na ningekuwa na utando?"

"Kumi na nne kwa mia."

"Kumi na nne si sifuri, daktari."

"Si sifuri," akakubali. "Lakini Tausi anaendelea vizuri. Muombee."

Nimuombee! Nilirudi nyumbani nachechemea, kila hatua nahesabu. Doa moja tu. Doa moja, na mguu wangu una nafasi. Ukiniuliza nilikuwa nataka nini siku zile, nakujibu waziwazi: nilitaka Tausi aharibikiwe, na nilitaka nisiwe mimi niliyemharibu.

Basi Mungu akaniletea Bi Mwanamkasi.

Bi Mwanamkasi ni somo wa mtaa wetu. Ndiye aliyetutoa eda sote wawili Mzee Semboja alipofariki: akatuogesha, akatufukiza udi, akatulisha halua kwa mkono wake. Asubuhi hiyo alifika na wanawake watano, masinia yamefunikwa, buli la sharbati, visheti, tende, na sahani ya halua inayong'aa mafuta.

"Mwajabu! Tumekuja kumtoa mwari wetu," akasema. "Leo miezi minne na siku kumi imetimia. Nimeuhesabu mwezi mwenyewe, kila ulipoandama nimefunga fundo."

Nikajua pale pale kosa liko wapi. Somo kahesabu mwezi wa kuandama, kama eda ya kweli inavyohesabiwa, na mwezi wa kuandama ni mfupi. Kwa hesabu yake siku zimetimia. Kwa hesabu ya hospitali, ile karatasi niliyoibandika nyuma ya mlango wangu, leo ni siku ya mia na ishirini na nane. Zimebaki nne.

Tausi akatoka chumbani, nywele zake chache zimefungwa vizuri. Akaona masinia, akanigeukia mimi, maana karatasi ya siku aliniachia mimi, yeye na tarakimu hawapatani.

"Dada, ndiyo leo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Bado. Mtoto wa miaka miwili analiweza.

"Somo ndiye ajuaye," nikasema.

Nikafanya na zaidi ya hapo. Nikatoa chetezo changu mwenyewe. Nikawasha udi.

Wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamkalisha kwenye mkeka katikati ya sebule. Vigelegele. Mimi nilikaa kitini, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cheupe alichokifunga yeye asubuhi ile. Bi Mwanamkasi akachota halua, pande zima, akamwekea Tausi mdomoni. Huwezi kukataa tonge la somo. Anayelikataa kamkataa somo na mama zake wote. Tausi akalipokea, akameza.

Somo akachota la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tausi akanitazama juu ya mkono wa somo, akatabasamu. Na midomo yake, nikaiona, imeshaanza kuwa na jasho.

Sijui nilisimamaje. Ninachokumbuka ni maumivu ya mguu kugusa sakafu, na mkono wangu ukiupiga mkono wa Bi Mwanamkasi, halua ikaruka ikaganda ukutani.

"Asile! Hazijatimia! Zimebaki siku nne!"

Wakanigeukia wote. Kisha maneno yakaanza.

"Eboo! Zimebaki nne, na udi umeleta wewe?"

"Mwacheni, wivu huo! Hata siku ya furaha ya mwenziwe?"

"Mume kafa, wivu haujafa!"

Bi Mwanamkasi alikuwa ameushika mkono wake kama umevunjika. "Mwajabu," akasema polepole, "umenipiga. Mbele za watu. Mimi niliyekutoa eda."

Ningejitetea vipi? Miaka ishirini na miwili nimemsema Tausi kwenye kila shughuli ya mtaa huu. Siku moja ambayo sikumwonea, nani angeniamini? Lakini hapakuwa na nafasi ya kujitetea, kwa maana Tausi alianguka ubavu. Uso majivu, moyo unamwenda mbio mpaka unauona kwenye kanga, anashika tumbo.

"Mpeni soda! Sukari imeshuka huyo!" mmoja akapiga kelele, na sharbati ikaletwa.

"Weka chini hiyo!" nikafoka. "Haijashuka, imepanda. Sukari imetua utumboni yote kwa mara moja, imevuta maji ya mwili. Ukimwongeza tamu utammaliza. Mlazeni, muinulieni miguu, mtoke nje apate hewa."

Walinitii, si kwa kuniamini, kwa kuogopa sauti yangu. Nikakaa chini kwenye mkeka, kitu nisichokiweza, nikaweka kichwa cha Tausi mapajani, nikampepea na sinia tupu. Nilikuwa nalia kwa hasira. Hasira kwa somo, kwa halua, kwa nafsi yangu, na kwa yeye pia, kwa nini ana kichwa chepesi hivi.

*

Alasiri wageni walikuwa wamekwisha kuondoka bila kuniaga. Tausi alikuwa bado kalala mkekani, jasho limekauka. Baada ya kupanda, sukari yake ilishuka chini kidogo ya kiwango, nikampa kijiko kimoja cha uji na jicho langu kwenye namba mpaka ikatulia. Halua ilikuwa bado ukutani.

Shahidi akalia mlio wake mdogo.

"Leo saa tano asubuhi sukari ya Tausi imepanda ghafla hadi kumi na nne nukta sita. Mdhamini, Tausi amekula alichoambiwa?"

Sikuhitaji kusema uongo safari hii. Kweli yenyewe ilikuwa upande wangu. Hapana, amekula halua. Doa la tatu. Utando unatoka kwake unakuja kwangu, kisheria, bila dhambi mpya. Mguu wangu una kumi na nne kwa mia.

"Sema kweli, dada," Tausi akasema. Alikuwa ananitazama. "Hilo la leo ni langu. Nimemeza mwenyewe."

"Hilo la leo?"

"Na siku ya gauni nilikusikia."

Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Ulinisikia ukanyamaza? Ungemwambia daktari! Siku ile ile doa lingefutwa."

"Na wewe je? Wangekufuta na wewe." Akahema. "Mguu unanuka, dada. Mimi ndiye ninayeuosha, mimi ndiye ninayejua. Nikasema moyoni, kama nitaharibikiwa, basi angalau uwe na nafasi yako. Nikinyamaza, nafasi yako ipo."

Nilimtazama yule mwanamke. Siku thelathini na saba! Siku thelathini na saba alikuwa na neno la kunimaliza mdomoni, na kila asubuhi akapiga magoti na beseni lake, akaosha, akafunga, hakulitoa. Nami nikitazama dari nikihesabu madoa yake.

Ningesema nililainika, ingekuwa hadithi nzuri. Sikulainika. Wivu ulinijaa mpaka kooni, wivu nisioujua kabla ya siku ile. Uzuri alinizidi, sawa, Mungu kampa. Mume alinizidi. Kongosho kanizidi, nywele zilizobaki pia ni nzuri kuliko zangu. Sasa na wema anizidi? Anilaze kitandani mguu mmoja, nife nikijua Tausi alikuwa mtu mzuri kuliko mimi? Haiwezekani! Kila kitu chukua, Tausi. Hicho, hapana.

"Mdhamini," Shahidi akarudia, "Tausi amekula alichoambiwa?"

"Hapana," nikasema. "Leo amekula halua, na kosa ni langu, siku nilikuwa nazijua nikanyamaza. Andika. Sasa andika na hili. Siku ya tisini na moja nilisema hajala alichoambiwa. Nilisema uongo. Alikula vijiko sita vya maharage, nikamwona."

"Dada!" Tausi akajaribu kuinuka.

"Lala wewe!"

"Mdhamini anakiri kauli ya uongo ya siku ya tisini na moja," Shahidi akasema. "Ukithibitisha, haitenguki. Unathibitisha?"

Mguu ulikuwa unanipwita, ule wenye vidole vinne, viwili vikingoja kisu. Nilifikiria kifundo, na juu ya kifundo. Niliogopa, sikatai.

"Nathibitisha."

"Doa la siku ya tisini na moja limefutwa. Madoa ya Tausi ni mawili. Jina la Mwajabu binti Kombo limeondolewa kwenye orodha. Mdhamini mpya atateuliwa kesho. Zimebaki siku nne."

Sauti ikakatika. Nje mtu alikuwa anatwanga, mchi unapanda unashuka. Tausi alikuwa analia kwa kwikwi, ananishika upindo wa dera.

"Dada Mwaja, kwa nini? Mguu wako..."

"Naujua mguu wangu, usinitajie." Nikajivuta mpaka ukutani, nikaegemea. "Nipe insulini yangu, muda umepita. Na kaniletee hilo beseni, kitambaa kimelowa."

Akainuka akiyumba, akanipa sindano, nikajidunga. Akaleta beseni. Akapiga magoti, akaanza kukifungua kitambaa, anafungua mdomo kusema neno. Nililijua neno lenyewe, nikamwahi.

"Usithubutu kunishukuru," nikamwambia. "Osha. Na gauni langu nalitaka kesho, limefuliwa."